Usitupe, Watakuja Kuuliza

Katika nyumba za Bonchari, kwetu Ugusii, vitu vingi havikutunzwa kwa sababu vilipendwa. Vilitunzwa ili siku moja mtu avitoe avionyeshe: kwa karani wa kodi, kwa wazee wa baraza, kwa wakwe, kwa mpima ardhi, kwa karani wa mizani kiwandani. Marehemu mama alikuwa na jibu moja kwa kila aliyetaka kupunguza mrundo wa chini ya kitanda chake: "Usitupe, watakuja kuuliza." Hakutaja ni akina nani. Nimefundisha historia katika shule za upili sehemu kubwa ya umri wangu, na sijasikia maelezo ya karne yetu yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo.

Nyumba yake iko upande wa chini wa soko la Suneka, karibu na barabara itokayo Kisii kwenda Rongo na Migori. Ni nyumba ya udongo iliyopigwa saruji, vyumba vinne, mabati yameshika kutu kila mahali. Baada ya matanga kaka yangu alitaka kuibomoa na kujenga ya matofali kabla ya mvua za masika, kwa hiyo kila kitu kililazimika kutoka. Vikatoka hadi uani: madebe ya mafuta ya taa, makopo ya Kimbo yaliyokuwa gorogoro za kupimia mahindi, koroboi, pasi ya makaa, cherehani isiyo na mkanda, redio iliyokula betri sita kwa mkupuo, vitambaa vya viti alivyovishona mwenyewe kwa uzi wa waridi na kijani, magunia ya katani, ekee mbili, vikapu vilivyotumika zamani kuandalia ugali wa wimbi, jiwe la kusagia lililochimbika katikati, na kibakuli cha jiwe la Tabaka kilichojaa sarafu za senti kumi zenye tundu, za enzi ya Mfalme George. Halafu yakatoka masanduku mawili ya bati. La mama lilikuwa la bluu, la baba jeusi. Majirani waliopita waliangalia cherehani. Mimi niliyaangalia masanduku.

Mrundo wa namna hii ni jambo la juzi kwetu. Nyumba ya bibi yangu, mzaa baba, niliyoiona nikiwa mdogo, ilikuwa ya mviringo, kuta za fito na udongo, paa la nyasi. Nyumba ya nyasi haidumu. Mchwa hula nguzo, mvua huozesha paa, na baada ya miaka kadhaa wenyewe hujenga nyingine hatua chache kutoka pale. Kila walipohama walichagua cha kubeba, na kilichovunjika kikabaki kwenye kifusi pamoja na majivu. Juu ya moto palikuwa na irongo, dari ya fito ambako moshi ulilinda mbegu dhidi ya wadudu. Nafaka ilikaa nje, ndani ya ghala, ekiage. Vyungu vingi tulivipata kwa jirani zetu Wajaluo kwa kubadilishana na wimbi, na Bonchari, kwa kuwa iko mpakani, ilikuwa njia ya biashara hiyo kabla barabara yoyote haijachorwa. Chungu kikipasuka kilitafutwa kingine. Hakuna aliyeweka vigae.

Ushahidi haukukaa nyumbani. Ulikaa vichwani mwa watu na katika miili ya ng'ombe. Mtu alipooa, esigani, yule mshenga aliyetembea kati ya pande mbili, alijua ng'ombe wangapi wametoka zizini, rangi zao, yupi alikuwa na mimba na yupi alikufa njiani. Wazee waliokuwepo walijua. Ng'ombe mwenyewe alikuwa akichunga kwa wakwe na kuzaa ndama walioitwa kwa jina lake. Ukitaka kubisha, ulipelekwa ukamwone.

Kabla sijasema kilichokuwa masandukuni, niseme ni nani aliyeruhusiwa kuyafungua. Sisi Abagusii tuna chinsoni, haya na heshima kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kutahiriwa. Kijana aliyetoka jandoni haingii tena chumba cha kulala cha mamake, wala hagusi kitanda cha babake. Baba naye hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Kimarekani waliofanya kazi Ugusii katikati ya miaka ya 1950, waliliandika jambo hili kwa urefu, na nilipokisoma kitabu chao chuoni nilishangaa kuona mambo ya sebuleni kwetu yamepigwa chapa. Heshima hiyo haimaliziki mtu akizikwa. Kaka yangu ana mvi kichwa kizima, ana wajukuu, na bado alisimama mlangoni pa chumba cha marehemu wazazi wetu kama kijana wa miaka kumi na mitano, akitoa maagizo bila kuvuka kizingiti. Sanduku jeusi lilikaa pale tangu baba alipotutoka. Hakuna mtoto wake aliyeligusa.

Mjukuu, kwa upande mwingine, ni mtani wa babu yake. Humtania, hukalia kiti chake, hula sahani moja naye. Kwa hiyo aliyevunja kufuli ni kijana wa kaka, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Sisi wazee tuliketi sebuleni tukingoja atuletee karatasi moja moja. Nguo za babu yake alizikunja mwenyewe na kuzitoa kwa mlango wa nyuma. Nimeamini tangu siku ile kwamba hii ni sababu kubwa ya nyumba zetu kujaa: wanaoishi karibu na vitu hawaruhusiwi kuvigusa, na wanaoruhusiwa wanaishi mbali, wana mitihani na kodi za nyumba, na huja siku za mazishi tu.

Karatasi za kwanza alizoleta kijana zilikuwa risiti za kodi. Zilifungwa kwa uzi wa katani, zimegeuka rangi ya chai, nyingine zikiwa za babu yangu ambazo baba alizirithi pamoja na shamba.

Kodi ilikuja Ugusii nyuma ya bunduki. Serikali ya Kiingereza ilifungua kituo chake Kisii mwaka 1907, miaka miwili baada ya jeshi lake kuingia mara ya kwanza na kuua. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na nabii Moraa, alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, afisa aliyesimamia kituo. Northcote alipona. Jeshi likarudi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa makundi kwa makundi. Baada ya hapo nyumba iliyosalia ililipiwa kodi kila mwaka, na mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Kufikia 1922, baada ya malalamiko ya Waafrika kotekote nchini kuishusha kutoka shilingi 16, kodi ya nyumba ilikuwa shilingi 12. Kwa kibarua wa mashamba ya wazungu huo ulikaribia kuwa mshahara wa mwezi mzima.

Fikiria basi thamani ya karatasi ile. Aliyelipa bila risiti alikuwa hajalipa. Askari kanga wa chifu walipokuja alfajiri hawakuuliza kama umelipa, waliuliza karatasi iko wapi. Babu hakujua kusoma, lakini alijua kila risiti kwa umbo la muhuri wake, na alizihifadhi ndani ya mwanzi uliozibwa kwa nta na kuning'inizwa irongo, mbali na panya na karibu na moshi. Baba alipoanza kulipa kodi ya kichwa aliendeleza desturi hiyo. Kodi ile iliondolewa na serikali ya Kenyatta mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bado risiti hazikuchomwa. Nilimuuliza baba nikiwa msichana mbona. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini tunafunga mlango usiku.

Chini ya risiti kulikuwa na kipande. Wasomaji wengi wamesikia habari zake, wachache wamekishika mkononi. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuajiriwa na tarehe ya kuachwa, ndani ya kikopo cha chuma kilichovaliwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachia, wewe ni mtoro, na mtoro hukamatwa. Babu alikwenda Kericho kuchuma majani chai, kama walivyofanya Abagusii wengi tangu makampuni yalipofungua mashamba makubwa huko katikati ya miaka ya 1920. Kikopo chake kimeng'aa upande mmoja, ule uliosugua kifua. Karatasi imo bado, imekunjwa mara nne, na wino wa sahihi ya mzungu umebaki mweusi kuliko alama za vidole vya babu. Kipande kilifutwa mwaka 1947. Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo na kikopo chake hakikuondoka nyumbani.

Vitu vya nyumbani viliweza pia kumshtaki mwenyewe. Tarehe 12 Septemba 1914, katika wiki za mwanzo za vita, Wajerumani waliotoka koloni lao, lililokuja kuitwa Tanganyika, walipigana na Waingereza pale Kisii mjini. Waingereza walikuwa wameuacha mji, Wajerumani wakauteka, kisha wakaondoka na majeruhi wao, na kwa muda mfupi mji haukuwa na mwenyewe. Watu wa nchi waliingia. Ofisi, maduka ya Wahindi na misheni vilimalizwa. Serikali iliporudi ilidai mali yote irudishwe, ikatoza ng'ombe na kuchoma nyumba za wengi. Babu alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati ule. Alisimulia kwamba babake alipata kioo cha ukutani kutoka duka la Mhindi, akakaa nacho siku chache, kisha akakizika migombani usiku, na hakikuchimbuliwa tena kwa sababu mwenye kukificha alikufa bila kutaja mgomba. Kwa hiyo katika ukoo wetu, kabla ya kizazi kimoja kwisha, watu walijifunza mambo mawili kuhusu vitu: kuna vya kuficha ili usifungwe na kuna vya kuonyesha ili usifungwe. Mama alirithi la pili.

Sehemu kubwa ya sanduku jeusi ilikuwa kahawa. Serikali iliwazuia Waafrika kupanda kahawa kwa miaka mingi ili kuwalinda walowezi, na ilipolegeza katika miaka ya 1930 ilianza na Kisii, Meru na Embu, kwa leseni na miche ya kuhesabiwa. Bibi yangu, Mwadventista wa kweli, hakuonja kahawa wala chai maisha yake yote, lakini mikono yake ilichuma kahawa nyekundu hadi uzeeni. Kila debe lililofika kiwandani lilipimwa, na mkulima akapewa kijikaratasi chenye kilo. Kijikaratasi hicho kilikuwa pesa isiyofika bado.

Mara moja ilifika. Baridi kali iliua mikahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ya dunia ikapanda, na mwaka 1976 na 1977 Ugusii ukaonja utajiri ambao sijauona tena. Nilikuwa msichana wa shule. Paa la nyasi likashuka, mabati yakapanda, ikawa nyumba hii ninayoisimulia. Redio ilinunuliwa mwaka ule, na cherehani, na viti vya sebuleni, na santuri za Christopher Monyoncho zilizopigwa kwenye gramafoni ya jirani hadi zikakwaruzika. Masanduku yote mawili ni ya wakati huo. Hapo ndipo kurundika kulipoanza. Nyumba ya mabati haihamishwi kila baada ya miaka kadhaa, ina pembe, ina vyumba vya kufunga, na kitanda cha mbao kina nafasi kubwa chini yake.

Baadaye mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, Julai 1989, bei ikaanguka, na watu wa kwetu wakapanda mahindi na migomba katikati ya mikahawa. Lakini vijikaratasi viliendelea. Kuna bahasha nene ya kilo ambazo baba alipeleka na malipo ya pili hayakuja. Chama cha ushirika kilichozipokea sikitaji. Alizipanga kwa mwaka, kwa mwezi, akaandika jumla kwa penseli nyuma ya bahasha. Karani mmoja alimwambia mbele yangu kwamba madai hayo yamekwisha muda. Baba alizirudisha mfukoni, akasema kwa upole: "Muda wenu, si wangu."

Sanduku la bluu lilinipasa mimi. Binti anaweza kushika vya mamake, na wake za kaka zangu walikaa nami, tukafungua mchana peupe.

Juu kulikuwa na kanga, leso za kanisani, Biblia ya Ekegusii, ile kamili iliyotoka mwaka 1988, ikiwa na majina ya watoto wote kwenye ukurasa wa kwanza. Chini yake, ndani ya kopo la Blue Band, tulikuta pete za chuma zilizofungwa kwa kitambaa. Wake za kaka zangu ni vijana kuliko mimi, hawakuzitambua. Zilikuwa ebitinge za bibi.

Siku ya enyangi, ile harusi kamili iliyokuja baada ya ng'ombe kutoka, mke alivalishwa pete hizi nyembamba vifundoni, nyingi kila mguu. Tangu hapo alisikika kabla hajaonekana. Ndizo zilizomfanya mke wa mume mmoja mbele ya watu na mbele ya wahenga. Mwanamke aliyekimbia nazo alikuwa bado mke wa watu, hata akiishi miaka kwingine. Zilivuliwa mume anapokufa. Kwa hiyo hazikuwa pambo. Zilikuwa cheti cha ndoa kilichopimwa uzito na kubebwa.

Misheni zilifika kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, Wakatoliki wakakaa Nyabururu na Waadventista Nyanchwa. Wanawake walioingia darasa la ubatizo waliambiwa waache pombe, ngozi, na chuma cha miguuni. Naona watu wa kanisa letu wanasimulia habari hii kama ushindi uliokuwa mwepesi. Haukuwa mwepesi. Bibi alibatizwa miaka ya 1940 mume wake akiwa hai. Kuvua pete mume akiwa hai maana yake, kwa wale waliomzaa, ilikuwa kumtangaza amekufa. Mama alinieleza kwamba babu hakulala nyumbani usiku ule, na kwamba bibi alivua moja moja kwa mafuta ya samli, akalia, na asubuhi akaenda mtoni na wenzake wakaimba. Mhunzi aliambiwa azichukue azifue ziwe majembe. Wengi walimpa. Bibi hakumpa. Alizifunga kitambaa akamkabidhi mama siku mama alipoolewa, na mama, aliyekuwa shemasi kanisani, alizitunza karibu miaka sabini bila kumwonyesha mchungaji. Simlaumu hata kidogo. Ubatizo ulimpa bibi jina jipya na sijui nyimbo ngapi, na alizipenda. Lakini hakuna kanisa lililompa kitu cha kumwonyesha yeyote kwamba aliolewa kwa ng'ombe, mbele ya ukoo wake, kwa hiari ya wazee wake. Alikuwa na hizo pete tu.

Enyangi yenyewe ilififia. Mahari ilipanda sana wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, baraza la wilaya likajaribu mara kadhaa kuweka kiwango na watu hawakukifuata, na vijana wengi waliishi na wake zao kwanza wakitafuta ng'ombe baadaye. Kesi zikajaa katika mahakama za wenyeji. Philip Mayer, mtafiti aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alitoa mwaka 1950 utafiti mzima juu ya sheria ya mahari ya Abagusii, na ritongo, yale mabaraza ya wazee yaliyosikiliza mashauri haya, yalikuwa na kazi kuliko soko. Mke amerudi kwao: ng'ombe wangapi warudishwe? Ndama waliozaliwa ni wa nani? Yule aliyekufa kwa ugonjwa anahesabiwa? Esigani ameshakufa. Mashahidi wako Kericho. Hapo ndipo daftari la mahari lilipozaliwa katika nyumba zetu, likaandikwa na yeyote aliyefika darasa la nne.

Letu lilikuwa chini kabisa ya sanduku la bluu, daftari la shule lenye jalada la jedwali la kuzidisha. Ukurasa wa kwanza ni mama mwenyewe, mwaka 1956, kwa mwandiko wa baba mdogo. Ng'ombe hawakuandikwa kwa idadi tu. Mwekundu mwenye doa la paji, alikuja na ndama dume. Mweusi pembe moja, alilalamikiwa, akabadilishwa. Fahali wa kijivu. Mbuzi wa mjomba. Majina ya walioshuhudia, na dole gumba la kila mmoja. Baada ya hapo yanafuata mabinti, mmoja baada ya mwingine, na kando ya kila orodha mama aliandika kwa mkono wake, baada ya kujifunza kuandika darasa la watu wazima, ng'ombe wale walikokwenda.

Kwa desturi yetu mali hukaa ndani ya nyumba ya mama. Mahari ya dada humwoza kaka wa tumbo lilelile. Nililijua hilo tangu utotoni na nimelifundisha darasani. Kulisoma juu yangu ni jambo lingine. Kwenye ukurasa wangu, ng'ombe mwekundu, ng'ombe wa madoa na mtamba mweupe wamechorewa mshale hadi ukurasa wa kaka, yule aliyesimama mlangoni. Mke wake alikuwa ameketi kando yangu, tumeshikilia daftari pamoja. Kwa ng'ombe wale mimi nilitoka, na kwa ng'ombe walewale yeye aliingia. Tumekuwa mawifi zaidi ya miaka thelathini na tumegombana mengi, jikoni na kwenye mazishi, na hatukuwahi kuliona deni letu limeandikwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Alinishika mkono. Hatukusema kitu kwa muda.

Ndani ya daftari kulikuwa na kitambulisho cha kwanza cha mama. Wanawake wa Kenya hawakuandikishwa vitambulisho mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo, mbele ya serikali, mke alikuwa nyumba iliyolipiwa kodi na mumewe. Hati ya shamba, iliyotoka baada ya ardhi yetu kupimwa, ina jina la baba peke yake, ingawa kila mstari wa kahawa mle ulilimwa na mama. Sheria ya urithi iliyoanza kutumika 1981, na baadaye katiba ya 2010, zinampa binti haki sawa na mwana. Dada yangu mdogo alisema hivyo sebuleni, kwa sauti, huku kijana akiwa ameshika hati. Kaka alinyamaza. Mazungumzo hayo hayajaisha, na ni halali yao kuendelea. Nalisema jambo hili hapa kwa sababu watu hudhani kupanga vitu vya marehemu ni kugawana sufuria. Hati ilipotoka sandukuni, kila mtu alikaa wima.

Wanunuzi wa chuma kuukuu walikuwa wamesikia. Vijana wenye mkokoteni walifika uani kabla ya saa sita, na mizani ya kuning'iniza. Walichukua madebe, fremu ya baiskeli, pasi, mabati yaliyooza. Walitaka kikopo cha kipande na kopo la ebitinge, kwa kilo, pamoja na vingine. Niliona uchungu, si kwa ajili yao, kwani wanatafuta chakula. Niliona uchungu kwa kuwa najua nyumba ngapi kati ya Suneka na Nyachenge zimekwisha kuviuza. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, ziko ripoti za kila mwaka za maafisa wa Kavirondo Kusini, wilaya ambayo Kisii ilikuwa makao yake. Nimezisoma nyingi. Zinasema kodi imekusanywa vizuri, kahawa inaendelea, mahari imezidi kimo. Huo ni upande wa waliouliza. Upande wa walioulizwa uko ndani ya masanduku ya bati, chini ya vitanda, na hakuna afisa wa nyaraka atakayevuka kizingiti kuufuata. Tusipoutoa sisi, utapimwa kwa kilo.

Tulifanya tulichoweza. Kijana alipiga picha kila risiti, kila ukurasa, kwa simu yake, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe cha mama, na ameweka nakala kwa binamu zake watatu ili isitegemee simu moja. Vitambaa tumegawana wanawake. Jiwe la kusagia limebaki uani kwa sababu hakuna aliyeweza kuliinua, na pia kwa sababu wifi analitumia kusagia karanga. Ebitinge ninazo mimi, kwa kauli moja ya nyumba nzima. Karatasi za baba ziko kwa mjukuu aliyevunja kufuli. Bahasha ya kahawa kaka amekataa katakata isiondoke: anasema chama kina viongozi wapya na atakwenda kuuliza.

Daftari la mahari limebaki kwa kaka pia, kwa kuwa bado linafanya kazi. Binti yake atapokea wakwe mwezi wa Disemba. Na alipokuwa akilifunga alisimama kwenye ukurasa wangu, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Kando ya mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa mama, pameandikwa kwamba ng'ombe mmoja, mtamba, aliahidiwa na hajaletwa. Mume wangu alikuwa nje akisaidia kupakia magunia. Kaka alimwita ndani, akamkaribisha kiti, akamwagizia chai, kisha akamfungulia ukurasa.